Aliyebaki Kundini

Dobi hakuomba uongozi. Kuna watu husaka cheo mpaka kwa waganga. Yeye chake kilimkuta kwenye benchi la wodi, amesinzia, simu iko mfukoni. Mkewe alikuwa ameanza kuvimba miguu, daktari amesema ni figo, na shemeji yake dobi, mdogo wa mgonjwa, mwalimu wa shule ya msingi, akafungua kundi la wasapu la kuchangia matibabu. Akaliita Tusimame na Dada. Halafu akamfanya dobi kuwa admini, kwa hoja kwamba mwenye mgonjwa ndiye mwenye kundi. Dobi alipoamka na kuelezwa, akauliza kama kazi yenyewe ina mshahara. Walicheka wote, hata mgonjwa.

Mgonjwa naye alikuwamo kundini. Kwenye simu ya dobi namba yake iliandikwa Nyumbani, maana dobi ni mtu wa zamani, jina la mkewe halitupi ovyo. Kwa vile vidole vilimvimba akashindwa kuandika, mama yule alituma sauti. Mara anawashukuru waliochanga, mara anawasema wasiochanga. Siku moja alisema, "Mwambieni huyo bwana asiunguze kola za watu, mimi sipo wa kumwombea radhi." Siku nyingine, sauti imeshaanza kukauka, alisema, "Huyo mwalimu nimembeba mgongoni mimi. Mume wangu, nitunzie. Kusoma kasoma, dunia haijui."

Mashine ya kusafisha damu ilikuwepo. Mheshimiwa alikuja akakata utepe, akapigwa picha ameishika kama ng'ombe wa mahari, akaondoka. Ikarudishwa kwenye sanduku lake, ikawekwa nyuma ya jiko la hospitali chini ya turubai. Mashine ikamngoja fundi, fundi akangoja posho, posho ikangoja sahihi ya mkubwa, na mkubwa alikuwa ng'ambo amekwenda kupima afya. Mke wa dobi hakuweza kuingoja sahihi hiyo.

Baada ya mazishi hakuna aliyekumbuka kulifunga kundi. Watu wakaendelea kutupia humo dua, maua ya asubuhi njema na matangazo ya vifaranga. Dobi hayo hayakumhusu. Kila asubuhi, mkaa wa pasi ukishashika, alisimamisha simu kwenye bakuli la wanga akamsikiliza mkewe akigombana naye. Hivyo ndivyo siku yake ilivyoanza, na bila hivyo isingeanza. Kuna siku alitaka kufuta tangazo la vifaranga, kidole kikateleza, ikafutika sauti ambayo mama yule alicheka mpaka akakohoa. Dobi alikaa chini siku nzima. Tangu hapo akaapa hatagusa kitu humo ndani. Hata likija tusi, likae.

Ndipo shemeji akaandika. Kwamba Ijumaa watu wote wakutane kwenye geti la hospitali wakaulize habari za mashine, kwamba dada yake hakufa, ameuliwa. Kundi likawaka moto. Wakatuma ngumi, wakatuma miali. Ijumaa wakaenda, na watu wengine wengi wenye wagonjwa wao. Walipokewa kwa virungu na mabomu ya machozi. Jioni msemaji akatokea kwenye televisheni, shati limenyooka vizuri, akasema wachochezi wa mitandaoni watasakwa mmoja mmoja. Shemeji akaufuta ujumbe wake usiku uleule. Amechelewa. Mwanakundi mmoja alikwishaupiga picha, akaupeleka polisi umekatwa juu, jina la mwandishi halionekani. Nani alifanya hivyo, hadi leo kila mtu anamtazama mwenzake.

Na sheria ya mitandao, wakubwa walivyoitunga, ilisema kilichomo kundini ni cha admini, mpaka akifute.

Walimkuta dobi mezani pake. Mmoja wa askari alimwomba kwanza amalizie kupiga pasi sare yake, kesho ana gwaride. Dobi akamalizia. Ndipo wakamfunga pingu.

Mpelelezi alikuwa na maneno laini. "Mzee wangu, sisi na wewe hatuna ugomvi. Nitajie aliyeandika, chukua simu yako, nenda kapige pasi."

Dobi akasema kusoma kwake ni kwa kuokoteza, hajui nani aliandika nini.

"Kusoma hujui, kuongoza unajua?"

"Mbona tunao wengi wa namna hiyo, afande, na magari mmewapa."

Kofi alilopigwa lilimwachia mlio sikioni. Simu ilikuwa pale mezani ikimulika, na mpelelezi akawa anamsomea kama matokeo ya mpira. Mwalimu ametoka kundini. Binamu ametoka. Jirani ametoka. Mpaka yule aliyekuwa akituma dua kila alfajiri naye ametoka. Dobi alisikiliza majina ya watu waliokula msibani kwake yakipita. Kumtaja shemeji lilikuwa jambo la neno moja tu, na simu angeipata na sauti zake zote. Lakini kesho asubuhi angeibonyeza, na mama yule angemwambia tena: nitunzie. Angemjibu nini? Akanyamaza. Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha dobi hakikuwa na mshindo wowote, kilimpeleka mahabusu.

Mahakamani hakimu alimuuliza kwa nini hakuufuta ujumbe ule mapema, kabla ya Ijumaa. Dobi akaeleza habari ya vifaranga na kile kicheko kilichopotea. Hakimu aliinamia karatasi zake, akasema sheria haiulizi sababu. Akampa kifungo cha nje, na amri: kundi lifungwe leo hii mbele ya karani na kila kilichomo kifutwe. Akikataa, kifungo kitakuwa cha ndani.

Karani alikuwa na chumba kidogo, mafaili yamefika dirishani. Akamwelekeza kwamba kundi halifungwi mpaka wote waliomo watolewe. Akatazama, akafurahi. "Una bahati, wamejitoa wenyewe. Kabaki mmoja tu. Huyu Nyumbani ni nani, mbona mkaidi?"

"Mke wangu."

"Basi mpigie atoke."

"Alishatoka," dobi akasema. "Duniani. Humo ndimo alimobaki."

Karani akaacha kalamu. Dobi akaomba amsikilize mkewe mara moja tu. Karani akautazama mlango, akasema moja, na iwe chini chini. Dobi akachagua ile ya kola. Ilipokwisha, karani alijikuta anajishika kola yake mwenyewe.

Kisha simu ikauliza: Ondoa Nyumbani? Dobi akabonyeza. Haikusikia. Vidole vyake vimelambwa na pasi miaka na miaka, vimekuwa kama ngozi ya kiatu. Akabonyeza tena, moyoni akiiomba isisikie, na kweli haikusikia. Karani akasubiri, akasubiri, akaitazama saa. Mwisho akanyoosha mkono, akaichukua simu, akabonyeza yeye, kundi na sauti zote zikafutika. Akapiga muhuri karatasi. Akasema pole, mzee, na ilionekana anamaanisha. Lakini muhuri alikwishaupiga.

Shemeji alikuwa anamngoja kwenye kona, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, pole sana. Hukunitaja?"

"Sikukutaja."

Mwalimu akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akasema watafungua kundi jipya, la siri safari hii, mapambano hayajaisha. Dobi atawekwa humo kwa heshima. Dobi akamwambia asimweke. Akamwangalia usoni, pua ileile ya dadaye, akamwambia arudi kwake kabla hajaonekana.

Asubuhi iliyofuata aliwasha mkaa, akaisimamisha simu kwenye bakuli la wanga kwa mazoea, akaanza na sare ya yule askari, imerudi baada ya gwaride. Pasi ikakaa mahali pamoja. Aliposhtuka kola ilikwisha kuwa ya kahawia, na moshi unapanda taratibu.