Usimwachie Bi Joto Mkono

Usiku wa jana niliota nimevaa ovaroli, nahamisha wasikilizaji.

Mchana wake nilikuwa nimeihamisha programu ya simu ya Shangazi Nyamizi kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Shangazi yuko Tabora, ana mayai mia na themanini kwenye mashine ya kutotoa vifaranga. Aliuza cherehani yake akainunua. Mashine ikipoa simu inalia, anaamka, anawasha jiko la mkaa. Ndani ya programu kuna vijisehemu vinavyokaa kusubiri habari. Sisi mafundi tunaviita wasikilizaji.

Kwenye ndoto ni wamama wawili kwenye viti vya plastiki, ndani ya nyumba ya zamani. Bi Joto anasubiri habari za joto, Bi Umeme za umeme kukatika. Masikio yao ukubwa wa sinia.

"Mmekaa hapa tangu lini?" nauliza.

"Tangu ulipotusahau," anasema Bi Umeme. "Huku ukisahauliwa unakaa tu. Chai ipo."

Nawashika mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, tunatoka. Nje ya mlango ni ndani ya nyumba mpya. Nyeupe, haina hata msumari. Komeo la mlango linanisalimia.

"Karibu. Saini daftari."

Naachia mkono wa kushoto nisaini. Bi Umeme hayupo. Zimebaki kandambili zake.

"Kaenda wapi?"

"Huku msikilizaji asiyeshikwa hayupo," linasema komeo. "Sheria hiyo iko ukurasa wa kwanza wa daftari."

"Mbona hata hajapiga kelele?"

"Huwa hawapigi. Kwani ulisoma mpaka wapi wewe?"

"Mwaka wa tatu."

"Ndiyo maana. Kushika ni mwaka wa nne."

Nafanya ujanja. Najaza mchele kwenye glavu, nampa Bi Joto aishike badala ya mkono wangu. Anaanza kufutika, kutoka miguuni mpaka magotini. Namdaka upesi.

"Mwanangu, mimi sishiki mchele," anasema. "Na wenyewe una mawe."

Komeo linasema saini yangu haijaisha. Basi mkono wa kushoto unabaki pale mlangoni unasaini, sisi tunatokea jikoni kwa shangazi. Amelala kwenye mkeka, simu kifuani. Kipimajoto anaingia na koti la baridi.

"Thelathini na sita," anasema. "Namwambia nani?"

"Niambie mimi," anasema Bi Joto.

"Thelathini na tano."

Pua inaanza kuniwasha.

"Si ujikune," anasema Kipimajoto. "Mara moja tu. Shangazi yako hatajua."

Naangalia mayai. Moja linagonga kwa ndani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Nasugua pua kwenye bega la Bi Joto.

"Samahani, mama."

"Sugua tu, ila mkono usiachie."

Anavuta pumzi, anaita. Simu ya shangazi inalia.

Niliamka saa moja asubuhi. Ngumi ya kulia imefungwa, vidole vimekufa ganzi. Kwa mkono wa kushoto nikafungua kompyuta, nikapitia mistari ya programu. Mstari wa Bi Joto upo, ila hakuna mahali nilipomhifadhi, yaani nilipomshika. Kwa sheria za mfumo mpya, hakuishi hata sekunde. Bi Umeme vilevile.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa shangazi: "Baba, kengele ya joto imelia saa kumi na moja, joto lilishafika thelathini na tano. Nimewahi. Ila ya umeme haijalia kabisa, na umeme umekatika tangu saa tisa. Hebu angalia."

Ngumi sikuifungua. Niliandika mistari miwili kwa kidole kimoja cha kushoto, mmoja wa kumhifadhi Bi Joto, mwingine Bi Umeme. Nikamtumia shangazi toleo jipya, nikasubiri mpaka akajibu limeingia.

Ndipo nikafungua ngumi. Zilikuwamo punje tatu za mchele na jiwe moja.