Nukta Mbili Kwenye Kibao cha Bi Siti

Jumanne ile Bi Siti hakufungua mlango. Dorika alifika saa mbili kasoro, mfuko wa dagaa ukiwa kwapani, akawakuta paka wanne wamekaa kizingitini kama watu waliowahi ofisini na karani hajafika. Alibisha hodi mara tatu. Ndani paka wengine walikuwa wakilia. Alipousukuma mlango aliona ulikuwa umeegeshwa tu.

Bi Siti alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka wake wa kusalia, kiganja kimoja chini ya shavu. Paka mkubwa wa kijivu, waliyemwita Diwani kwa sababu hakuwa na haraka na jambo la mtu yeyote, alikuwa amejikunja kiunoni pake. Dorika aligusa mguu wa Bi Siti. Ulikuwa wa baridi, na si baridi ya asubuhi.

Wazee wa mtaa ule walisema maiti haachwi peke yake na paka. Asimnuse, asimlalie, na zaidi ya yote asimruke. Dorika aliyajua hayo tangu utoto. Lakini aliponyoosha mkono amwondoe Diwani, mkono ulikataa. Alijiambia, huyu amekesha naye, mimi nilikuwa wapi? Akakaa chini, mgongo ukutani, dagaa bado kwapani.

Hivyo ndivyo alivyokutwa na Bi Rahima, jirani wa ukuta mmoja na mwosha maiti wa mtaa mzima, aliyeingia kuuliza mbona paka wanapiga kelele.

"Inna lillahi! Mama Flora, na wewe umekaa unatazama? Mtoe huyo mnyama!"

"Ngoja kidogo, Bi Rahima," alisema Dorika.

"Ningoje nini? Mtoe!"

Bi Rahima alishika fagio. Diwani aliinuka, akajinyoosha, kisha fagio lilipomkaribia akaruka. Upande wa ukuta hakukuwa na njia. Alipita juu ya Bi Siti, kutoka kiunoni hadi upande wa pili, akatoka nje.

"Amemruka," alisema Bi Rahima polepole. "Umeona kwa macho yako. Amemruka."

Kabla ya adhuhuri, mtaa mzima ulikuwa umeona, hata wale waliokuwa shambani wakipuliza salfa kwenye mikorosho.

*

Dorika alimjua Bi Siti miaka sita kabla ya hapo, mwezi mmoja baada ya kumzika binti yake, Flora, aliyekufa kwa homa ya siku tatu akiwa na miaka kumi na minne. Flora aliacha paka. Paka huyo alikula panya aliyekufa kwa sumu, akaanza kutetemeka na kutoa povu. Dorika alimtia kwenye kikapu, akapanda bodaboda kutoka kijijini Lisekese hadi mjini Masasi, kwa sababu alisikia kuna mwanamke anayetibu paka.

Bi Siti alijaribu maziwa, akajaribu mkaa uliosagwa. Paka alikufa mapajani mwake. Basi akainua viganja.

"Mwenyewe ni nani?"

"Flora."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia."

Bi Siti akamwombea dua Flora pamoja na paka wake, kwa pumzi moja, kama wasafiri wa basi moja. Dorika, ambaye msibani hakutoa chozi mpaka wakamsema ana moyo wa jabali, alilia pale hadi kanga ikalowa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kesho yake alirudi, akaosha mabakuli. Hakuacha tena kurudi.

Kibao cha mlangoni wakati huo kiliandikwa: PAKA. DAWA. DUA. Kila neno na kazi yake. Paka, Bi Siti aliwagawia wenye maghala ya korosho na mahindi waliosumbuliwa na panya, kwa sharti moja, wasitege sumu. Dawa ilikuwa ya paka haohao, ya minyoo, viroboto, upele na majeraha. Dua ilikuwa ya yeyote aliyefiwa, awe Mwislamu au Mkristo. Unakaa mkekani, unapewa paka mapajani, Bi Siti anaomba, unaondoka. Aliyekuwa nacho alitoa alichonacho, na asiyekuwa nacho alichota maji.

"Paka ni msafi," alikuwa akisema. "Akinywa kwenye maji yako, unatawadha kwayo na swala inaswihi. Binadamu gani unaweza kumwamini hivyo?"

Mikutano ya mtaa hakukosa. Alisimama kila mara kusema juu ya sumu ya panya iliyouzwa sokoni kwenye vijikaratasi kama peremende, watoto wakaiokota. Alisumbua hadi mtaalamu wa mifugo akaja na chanjo, watu wakaleta mbwa kwa kamba na paka kwenye viroba. Wakampa jina, Bibi Kichaa cha Mbwa.

"Heri mniite hivyo," aliwajibu, "kuliko kukipata."

Kisha mvua ikafuta kibao. Dorika ndiye aliyekuwa na kidato cha nne na mwandiko wa kupendeza, kwa hiyo alikiandika upya yeye. Herufi zilitoka nzuri. Zile nukta mbili za kutenganisha maneno aliziona kama mavi ya inzi, zinachafua kazi. Hakuziweka. Kibao kikasomeka: PAKA DAWA DUA.

Wiki haikuisha. Mkulima mmoja aitwaye Ashiru aliingia, akaamkia, akavua shati.

"Umeleta paka?" aliuliza Bi Siti.

"Paka gani tena? Nimeleta mgongo. Nipake."

"Nikupake nini, mwanangu?"

"Si mmeandika wenyewe? Paka dawa, dua. Mimi nataka vyote. Upake, halafu uombe."

Bi Siti alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamwambia alale kifudifudi, akamchukua Diwani, akamweka katikati ya mgongo. "Haya. Hapa dawa hatupaki. Hapa tunapaka paka."

Ashiru alilala saa nzima, Diwani akikoroma juu yake. Alipoamka alisema mgongo umelegea kama wa mtoto. Akaenda kuwaambia wenzake.

Wakaja wa magoti, wa vichwa, wa ndoa. Wote walitaka kupakwa, wote walipewa paka, na wote, wakiwa wamelala hawawezi kukimbia, walisomewa habari ya sumu na chanjo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kesho naweka zile nukta," Dorika alisema.

"Uziweke za nini? Ashiru amekwenda kufukia sumu yote ya ghalani kwake. Mkutanoni nilimwambia miaka mitatu, hakunisikia. Acha Mungu atumie makosa yako, Mama Flora."

Dorika aliacha. Lakini mara nyingine akipita mlangoni macho yake yalikwenda mahali pa zile nukta, kama ulimi unavyokwenda kwenye pengo la jino.

*

Baada ya maziko, maneno yalianza kujipanga yenyewe. Bi Siti alikuwa akipaka watu dawa. Aliandika mwenyewe mlangoni. Kibali cha uganga hakuwa nacho. Hakuwa na mtoto. Alikufa peke yake bila kuugua, na paka akamruka. Kila kipande, kikiwa peke yake, kilikuwa kweli au karibu na kweli. Vikiunganishwa vilitoa neno moja ambalo hakuna aliyelitamka mbele ya Dorika.

Wiki ya pili paka wawili waliokotwa mtaroni, povu mdomoni. Wiki ya tatu wakawa watano. Diwani alikuwa miongoni mwao.

Kaka yake Bi Siti wa tumbo moja, Mzee Halfani, alishuka kutoka Newala kuandaa arobaini. Alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akikaribisha watu kwenye khitma. Walimpa kiti, wakampa maji, wakamjibu, "Tutaangalia, mzee." Shehe alisema yeye atakuja, ila mikeka hawezi kuijaza peke yake.

"Kwetu tulizaliwa sita," Mzee Halfani alimwambia Dorika, wamekaa kwenye chumba cha Bi Siti. "Wanne nimewazika, na kila mmoja watu walikosa pa kukaa. Huyu mdogo wangu nimsomee na nani? Na paka?"

"Watakuja, baba."

"Hawaji. Mtu akisusiwa arobaini yake, jina alilopewa siku hiyo haliondoki. Watoto wa dada zangu watalibeba. Wataposwa na nani?"

Siku tatu kabla ya arobaini, mwenyekiti wa mtaa, Bwana Reginald, aliita mkutano.

Watu walijaa kuliko siku za chanjo. Reginald, mtu mpole aliyependa mambo yaishe mapema, aliuliza moja kwa moja kama nyumba ile ilikuwa ya uganga.

"Ilikuwa ya paka," alisema Dorika.

"Ya kupaka," sauti ikamsahihisha kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Dorika akasimama. Kwa miaka sita alimwachia Bi Siti kazi ya kusimama. Alieleza juu ya kibao cha kwanza na nukta zake mbili, kwamba yalikuwa maneno matatu ya kazi tatu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kupakwa kitu. Alieleza vizuri, kama mtu aliyesoma. Aliona nyuso hazimfuati. Nukta ni kitu kidogo mno kumtoa mtu kwenye uchawi.

Alimtafuta Ashiru kwa macho. Ashiru alikuwa safu ya tatu, anatazama vidole vyake vya miguu. Wengine waliowahi kulala kwenye mkeka ule walikuwepo pia, zaidi ya ishirini. Anayesema "mimi nilikwenda" anasema pia alikwenda kwa mchawi. Hakuna aliyesema.

Bi Rahima akainuka. Hakuwa mtu mbaya. Kwa mikono yake aliosha nusu ya waliozikwa mtaani, na hofu yake ilikuwa ya kweli. "Mama Flora, mimi nakuuliza jambo moja tu. Kibao aliandika nani?"

"Niliandika mimi."

"Siyo yeye?"

"Siyo yeye. Yeye aliandika na nukta. Mimi nilizitoa."

"Kwa hiyo hilo la kupaka lilikuja na wewe."

Dorika aliona jinsi mlango ulivyofunguka, na aliona pia unakoelekea. Akisema hapana, hofu yao itarudi kwenye kaburi ambalo udongo wake haujakaa, na itafanya makazi huko. Hofu haifi kwa kuelezwa. Inahama. Alimwona Mzee Halfani ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Lilikuja na mimi," alisema. "Kama kuna aliyepaka, ni mimi. Bi Siti alikuwa mtu wa dua."

"Na yule paka? Kwa nini hukumtoa?"

"Nilimwacha mimi. Marehemu alikuwa ameshakufa, angemtoaje?"

Hapo watu walipumua. Ilisikika kabisa, kama gunia la mbaazi likishushwa chini. Mama mmoja alisema, "Nilijua mimi, Bi Siti wa watu hakuwa na neno." Mwingine akadakia kuwa waliotoka shamba ndio wanaoharibu mji. Bwana Reginald alitamka kwamba kibao kishushwe, chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba, na paka waliobaki waondoke na mwenye kuwataka, kabla ya mwisho wa mwezi.

Nje, Ashiru alimkimbilia.

"Mama Flora, mbona umesema uongo? Mimi sikupakwa na mtu! Niliwekewa paka!"

"Ungesema kule ndani, baba."

*

Arobaini ilifanyika Jumapili. Mikeka haikutosha, wakaazima ya msikiti wa pili. Walisoma khitma nzima, na Shehe alipomtaja Siti binti Awadhi, itikio la amina lilifika barabarani. Bi Rahima alilia kwa sauti. Mzee Halfani alikaa mbele, amenyoosha mgongo kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Dorika alikuwa amekuja alfajiri kupika. Alikuta sufuria ziko jikoni na wanawake wamezizunguka. Aliposhika mwiko, mmoja wao aliutoa mkononi mwake, bila ukali, akaufuta kwa kanga.

"Pumzika, Mama Flora. Sisi tunatosha."

Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, karibu na ua, akasikiliza khitma mpaka mwisho. Alishukuru kwamba ilikuwa ndefu. Sahani yake ya pilau aliletewa na Mzee Halfani mwenyewe, akiwa ameishika kwa mikono yote miwili.

"Kule Newala," alisema, "hawajui habari za huku."

"Najua, baba."

"Nyumba yetu iko jirani na soko."

Dorika alikula chakula chote. Kisha akaosha sahani yake mwenyewe, akaiweka pembeni, mbali na nyingine, kwa sababu aliwaona wakiitazama.

Sasa yuko Lisekese na paka sita. Sokoni Masasi hakuna anayenunua kwake, kwa hiyo Jumatatu na Ijumaa hupanda basi la kwanza kwenda Newala na madebe mawili ya mbaazi, huziuza karibu na nyumba ya Mzee Halfani, na hurudi kabla jua halijazama, kwa sababu paka hawana mtu mwingine wa kuwalisha.