Pikapu ya Mama Miche

Pikapu ilikuwa ya mama, na hilo hakuna aliyelibishania. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshachoka, akaifufua, akaiacha. Lakini aliyeiendesha miaka yote, tangu watoto wakiwa wa kubebwa, alikuwa mama. Aliuza miche: michungwa, mipera, maua ya uani, chochote chenye mizizi. Watu walimwita Mama Miche, na ukiiona ile pikapu ya kijani yenye taa za duara na pua nene ikikata kona, majani yakipunga huko nyuma kama abiria wanaoaga, ulijua ni yeye.

Mwanawe mkubwa alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Kwa kuwa mikono yake kila siku ilikuwa na rangi nyingine, wenzake wa gereji walimbandika jina la Kinyonga, na hata mama mwenyewe alishalizoea. Kinyonga aliipenda ile pikapu kuliko gari lolote alilowahi kulishika. Machoni pake ilikuwa na kasoro moja tu: ilisimama juu mno. Alikwisha kuona za aina ileile zilizoshushwa, bodi imelala karibu na lami, matairi nusu yamejificha ndani ya madigadi, na moyo ukamdunda.

“Mama, niishushe kidogo tu. Itakuwa malkia.”

“Uishushe nitambae nayo? Mimi naipenda hivi ilivyo. Narudi kinyumenyume, makalio yanakutana na kiti, nimeshakaa. Aliyeitengeneza alinipima.”

“Hiyo si sababu ya kitaalamu, mama.”

“Nyonga yangu ndiyo mtaalamu,” alijibu mama, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia kila mara.

Nyonga yenyewe ilimsumbua muda mrefu, mpaka madaktari wakaamua kumwekea ya bandia. Asubuhi ya kwenda hospitali alimkabidhi Kinyonga ufunguo. “Uwe unaiwasha, betri isife. Basi.”

Kwa siku chache Kinyonga aliiwasha, akaisikiliza ikinguruma, akaizima. Kisha akapata habari kwamba wenye magari ya zamani watayaonyesha uwanjani mwisho wa juma. Akaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima aliyejulikana kama Springi, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo na nyingine hakutaka kuijua.

Springi aliingia uvunguni, akatoka na vumbi kwenye nyusi. “Mama Miche amekubali?”

“Amekubali.”

“Yeye mwenyewe?”

“Kwa mdomo wake.”

“Haya. Kuna njia mbili. Naweza kuishusha kidogo kwa kuweka vyuma vya kati, akibadili mawazo tunavitoa. Au nizikate springi za mbele na za nyuma nizipunguze. Hapo inalala kweli, lakini springi ikishakatwa imekatwa.”

Kinyonga aliitazama pikapu, akaiona tayari iko uwanjani, watu wameizunguka. “Kata,” alisema.

Siku hiyohiyo, kompresa ikipiga kelele, dada yake alimpigia simu kutoka hospitali. Huyo ndiye aliyekuwa akimuuguza mama, analala kwenye mkeka kando ya kitanda.

“Kaka, unanisikia? Upasuaji umeenda vizuri. Ila daktari amesisitiza: asikae mahali pa chini. Magoti yasipande juu kupita nyonga, mguu unaweza kuchomoka. Uliinue lile kochi lake kabla hatujarudi.”

“Nimesikia, nimesikia.”

Na kweli alikuwa amesikia. Jioni alikata vigogo vinne vya mbao, akavipiga msasa, akavipaka rangi ya kahawia ili vifanane na kochi, akaviweka chini ya miguu yake. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akaridhika. Alikuwa mwana mwema anayemjali mama yake. Pikapu haikumjia akilini hata kidogo.

Siku ya kuruhusiwa, Kinyonga alifika mlangoni mwa hospitali na pikapu ikiwa imeng’arishwa mpaka unajiona. Uwanjani ilikuwa imesifiwa kuliko zote, na bado alikuwa hajashuka kutoka kwenye hizo sifa. Mama alitoka kwa magongo, polepole, dada akiwa nyuma na mabegi. Walinzi wawili walikuwa wameshaisogelea pikapu. Mmoja wao alipiga mluzi.

Dada alisimama ghafla. “Kaka, umefanya nini?”

“Nimeishusha! Mama, tazama!”

Mama alitazama. Aliitazama pikapu kidogo, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi. “Imependeza,” alisema.

“Mama, tuite teksi,” dada alisema kwa sauti ya chini.

“Mwanangu amekuja kunichukua.”

Akageuka, akarudi kinyumenyume kama alivyozoea, akangoja kiti kimguse. Hakikumgusa. Sehemu iliyobaki alidondoka tu, magoti yakamjia kifuani. Alibana midomo. Kinyonga alimuuliza kama yuko sawa, naye akasema, “Twende.”

Kilichowashinda ni kumtoa. Uani pale nyumbani, Kinyonga alimvuta mikono, dada akimsukuma mgongo kwa ndani. Walihesabu pamoja, wakavuta. Kukasikika mlio mdogo, mkavu, kama wa bawaba inayong’oka. Na mama, ambaye Kinyonga hakuwahi kumsikia akilia hata msibani kwa baba, alipiga ukelele uliowatoa majirani ndani.

Walirudi hospitali kwa gari la wagonjwa. Daktari alitazama picha na kusema mfupa umetoka mahali pake. Watamlaza usingizi waurudishe.

“Ilikuwaje, mama?”

“Niliteleza bafuni,” mama alisema bila kupepesa macho.

Daktari alimgeukia dada. “Si nilikueleza? Ulimwachaje mgonjwa wa namna hii peke yake bafuni? Huo ni uzembe.”

Dada alifungua mdomo. Mama akamtupia jicho, akaufunga. Kinyonga alikuwa amesimama ukutani, hatua chache tu kutoka pale, na rangi ya kijani kwenye kucha. Kitanda kikasukumwa, milango ikafunguka, ikajifunga.

Walikaa kwenye benchi. Dada hakupaza sauti; heri angepaza.

“Nimelala sakafuni muda wote huu, kaka. Nimemwogesha, nimemgeuza, nimemlisha. Leo mzembe ni mimi, na wewe umesimama pale unaitikia kwa kunyamaza.”

Kinyonga aliinamisha kichwa. Hapo ndipo lile kochi la nyumbani lilipomjia akilini: vigogo vinne, msasa, rangi ya kahawia. Hakuwa na pa kujifichia. Asingeweza kusema hakujua.

Aliinuka, akagonga mlango wa daktari, akaeleza yote akiwa wima, kuanzia uongo aliomwambia Springi. Daktari aliweka kalamu chini.

“Kukuhukumu si kazi yangu,” alisema. “Lakini mgonjwa akizoea kunidanganya kwa ajili yako, iko siku nitamtibu ugonjwa asio nao. Nenda kamwombe dada yako radhi. Na mimi nitamwomba.”

Kesho yake mama alipoamka vizuri, Kinyonga alimweleza kwamba daktari anajua. Mama akashusha pumzi.

“Kwa nini uliingia, mama? Ungesema hapana.”

“Hapana nilishasema miaka mingi,” mama alijibu. “Siku ile ulikuwa na furaha mbele za watu. Nikaona aibu kukuvunja.”

Kinyonga angependa zaidi mama amtukane.

Springi alipoambiwa ukweli alifuta mikono kwa kitambaa taratibu mno. “Kwa hiyo mkono uliokata ni wangu,” alisema, na tangu hapo hakumtania tena. Walizunguka kwenye maeneo ya vyuma chakavu mpaka wakaikuta pikapu ya aina ileile, haina injini, kuku wametaga kwenye kiti. Zile springi zake zilikuwa na kutu lakini nzima. Kinyonga alilala uvunguni mwenyewe, akazikwangua, akazipaka rangi nyeusi, akazifunga, fundi Springi akimwelekeza kwa maneno mawili matatu. Pikapu ikasimama juu kama zamani. Wale wa uwanjani walipomuuliza kwa nini ameiharibu, aliwaambia, na hakupunguza kitu.

Mama alipona, ingawa mguu ulibaki mzito kidogo na gongo moja hakuliacha. Siku daktari alipomruhusu kuendesha, alidai ufunguo, Kinyonga akampa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, mama akisafiri au akiumwa, ufunguo ulikaa kwa dada. Hakulieleza jambo hilo, wala hakuna aliyemuuliza. Kwa mengine yote alikuwa mama yuleyule, anamtania, anamwekea chakula, anamfokea kwa kupaka rangi karibu na miche.

Asubuhi moja Kinyonga alimkuta akipakia mipera. “Mama, niitoe nikaioshe gereji? Ina tope.”

Mama alisita, mkono ukiwa juu ya pindo la kanga alilofungia ufunguo.

“Ioshe hapohapo ilipo,” alisema kwa upole.

Kinyonga akaenda kujaza ndoo.