Wiki ya Gretchen Kunyamaza

Gretchen Halvorsen alijua kazi moja kuliko mtu yeyote pale mjini Duluth, Marekani, nayo ni kukumbusha. Miaka kumi na tisa alikaa mapokezi ya kliniki ya meno akiwapigia watu simu: kesho saa nne usije ukasahau, Alhamisi unang'olewa, asubuhi usile. Akitoka hapo alirudi nyumbani kuendelea na kazi ileile, maana nyumbani kulikuwa na Soren.

Soren alikuwa mwanawe wa pekee, miaka ishirini, mrefu, mpole, ndevu zimeanza kujaa. Akili anayo, hilo halina ubishi, ila akili yenyewe haikai kitako. Darasa la tatu madaktari waliipa hali yake jina la herufi nne, baadaye wakaongeza na wasiwasi. Mpe vyombo aoshe: sahani ya pili haijaisha, unamkuta gereji amefungua redio ya zamani, na jikoni maji yanamwagika. Baba yake alishahamia Arizona, akapata jua na mke mwingine. Kwa hiyo wa kumwamsha, wa kumtafutia soksi, wa kumwambia leo ni Jumanne, alikuwa mama. Na mama aliifanya hiyo kazi vizuri kupita kiasi. Kijana akamaliza sekondari, akaenda chuo kilicho mwendo wa saa tatu kwa gari, na huko pasipo na Gretchen akafeli masomo manne kati ya matano. La tano lilikuwa kuogelea.

Chuo kikamsimamisha mwaka mzima. Akitaka kurudi, aandike barua yeye mwenyewe, aeleze nini kilimsibu na nini kimebadilika, aiweke kwenye tovuti ya chuo kabla ya Ijumaa hii saa kumi jioni. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Tangu Septemba Soren alikuwa akienda kwa Renata, mtaalamu wa vijana wenye hali kama yake, kujifunza kuutuliza moyo, na kupanga jambo mpaka aone mwisho wake. Mwezi Februari, wiki moja kabla ya siku ya barua, Renata akaomba mama naye aje, peke yake. Gretchen akaenda na faili lenye vibandiko vya rangi.

"Hili ni la nini?" Renata akauliza.

"Ni maisha ya Soren. Nyekundu ni dawa, njano ni shule, kijani ni meno."

"Na Soren analo la kwake?"

"La nini? Si hili hapa."

Renata akaandika kitu kwenye daftari lake. Gretchen alivunjika moyo kidogo, maana alitegemea kusifiwa.

"Wiki hii kazi ya nyumbani nakupa wewe," Renata akasema, akamsogezea kadi yenye mstari mmoja: Naona ni kazi ngumu kwako, na najua utaiweza. "Umwambie hivyo mara moja. Halafu unyamaze mpaka Ijumaa ipite. Usimkumbushe, usimuulize."

"Na asipoandika?"

"Atakuwa hajaandika. Na wewe utakuwa bado mama yake."

Gretchen akamtazama yule mwanamke mwenye viatu safi na kujiuliza kama amewahi kuishi na kiumbe anayesahau kula.

"Jambo lingine," Renata akasema. "Ujumbe wa miadi, yako na ya Soren, tutautuma kwenye simu yake. Kwako usije. Na yeye nitamwambia asikukumbushe. Siku yako tunaipanga sasa hivi, uishike mwenyewe."

"Hapo umefika penyewe," Gretchen akasema kwa kicheko. Kushika siku ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kesho yake akapita kliniki, akaivalisha ile kadi plastiki kwa mashine ya kuvalisha maelekezo ya kupiga mswaki. Jioni, wanakula viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa, akayatoa yale maneno ya kadi kama anayakohoa.

"Soren, naona ni kazi ngumu kwako, na najua utaiweza."

"Umeisoma kwenye kadi?"

"Nimeikariri."

"Mama, iko hapo chini ya sahani. Umeivalisha plastiki."

"Isilowe."

Baada ya hapo akanyamaza. Yaani mdomo ulinyamaza, kwingine kote alikuwa anapiga kelele. Jumapili aliiacha kompyuta ya Soren wazi juu ya meza ya kulia. Jumatatu aliporudi kazini alipitisha mashine ya kufyonza vumbi mlangoni pa Soren dakika ishirini, mahali pasipo na zulia. Jumanne akaongea kwa simu na dada yake kwa sauti ya kuita kivuko, habari za jinsi Ijumaa inavyokuja mbio mwaka huu.

"Una mafua?" Soren akamuuliza Jumatano, maana kila akipita mama anakohoa.

"Koo tu."

Mwenyewe alijiona. Hakuwa mjinga. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, sikio lake limeganda kwenye mlango wa mwanaume mwenye ndevu, akisikiliza kama kuna vidole vinapiga kibodi. Alijicheka, halafu akabadilisha sikio.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akawahi kurudi. Akakuta Soren ametoa theluji njiani nusu, sepetu kaliacha limesimama palepale. Gretchen akaimalizia ile nusu bila hata kufikiri. Alipofika mwisho ndipo ikamjia kwamba huo nao ni msaada, na msaada umekatazwa. Basi saa tisa alasiri, majirani wakimtazama, Gretchen Halvorsen akairudisha theluji njiani, sepetu baada ya sepetu, akijaribu kuilaza ilale kama ilivyokuwa.

Ijumaa ilipofika saa tisa na dakika kumi, Soren alikuwa gereji na redio zake, anapiga mluzi. Mluzi ndio uliomvunja Gretchen. Angekuwa analia, angevumilia. Lakini mtu anayepiga mluzi zimebaki dakika hamsini, huyo amesahau. Akaona mwaka mwingine wa gereji mbele yao, na mwingine, mpaka yeye amekufa na Soren yuko peke yake na vyombo visivyooshwa.

Neno la siri la Soren alilijua. Alilitunga mwenyewe, ni jina la marehemu mbwa wao, Otto. Akafungua tovuti ya chuo na kuandika. Mimi, Soren Halvorsen, nimeitafakari kwa kina safari yangu ya ukomavu. Ilikuwa barua nzuri, mpaka mwenyewe akatokwa na machozi. Alipoituma, ukurasa ukamuuliza jambo kwa maandishi madogo mekundu, kama ana uhakika. Saa tisa na dakika hamsini na mbili, Gretchen angejibu ndiyo hata kwa swali la kuuza nyumba.

Saa kumi na dakika tano Soren akaingia jikoni, mikono ina mafuta, akavuta kiti.

"Mama, umeweza. Wiki nzima hukuniuliza."

Gretchen akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

"Barua niliituma Jumatatu," Soren akasema, na uso wote ukamng'aa. "Nilitaka kukwambia palepale. Renata akasema ningoje muda uishe, nione kama naweza kuwa na jambo langu bila kukuletea."

Simu yake ikalia. Akaisoma, akairudia kwa sauti. "Tumepokea barua yako mpya. Barua ya awali imeondolewa." Akanyanyua macho. "Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Mimi nilikuwa gereji."

Gretchen alifikiria kuwasingizia wezi wa mitandaoni. Wazo hilo alikaa nalo kwa kitambo ambacho baadaye hakupenda kukitaja.

"Ni mimi," akasema.

Soren hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Hukuangalia hata kama ipo yangu?"

"Sikujua kama ipo."

"Hukujua kwa sababu hukufikiri inaweza kuwepo."

Aibu ikampanda Gretchen toka miguuni. Na pamoja na aibu yote hiyo, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye simu. "Ofisi inafungwa saa kumi na nusu. Nipe namba. Mimi watu wa mapokezi nawajua, najua kuongea nao."

"Hapana," Soren akasema.

Miaka miwili hakuwa amempigia mtu simu. Hata pitsa, aliyeagiza ni mama. Sasa akabonyeza namba, goti likitikisika mpaka vijiko vikalia mezani. Gretchen akafungua mdomo.

"Naona ni kazi..."

"Kadi iweke pembeni, mama."

Akaikalia mikono yake.

"Naitwa Soren Halvorsen. Jumatatu nilituma barua. Leo imeingia nyingine juu yake. Hiyo ya pili si yangu." Akasikiliza. "Ameiandika mama yangu." Akasikiliza tena. "Hapana, hajambo. Anatibiwa."

Gretchen akaitikia kwa kichwa, utadhani aliye upande wa pili wa simu anamwona.

"Inaweza kurudishwa? Mwanzo wake? Ndiyo, naukumbuka." Soren akafumba macho. "Mpaka nilipofika chuoni sikujua kwamba asubuhi mtu huamka mwenyewe. Nyumbani kwetu asubuhi ilikuwa ni sauti ya mama yangu. Nilidhani kila mtu anayo." Akafumbua macho. "Ndiyo. Ndiyo hiyo hiyo."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, Gretchen alinyamaza bila kujilazimisha. Machozi yalishuka na hakuyafuta, maana mikono alikuwa ameikalia.

Soren akakata simu. Shati limelowa mgongoni. "Wameirudisha. Majibu baada ya wiki mbili." Akavuta kompyuta, akabadilisha neno la siri, na mama, bila kuambiwa, akaigeukia friji.

"Jumatatu naenda kwa Renata saa ngapi?" Soren akauliza.

Saa nne na nusu. Gretchen alikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, iliwasha kama pilipili. "Sijui," akasema. "Tazama kwenye simu yako."

Soren akatazama. "Saa nne na nusu." Akaendelea kusogeza kidole, kikasimama. "Na wewe ulikuwa naye jana, saa tisa alasiri. Ulienda?"

Jana saa tisa alasiri. Gretchen akaligeukia dirisha, akaiona theluji yake, imelala vizuri nusu ya njia.

"Hukunikumbusha," akasema.

"Nilikatazwa," Soren akasema.