Pindo la Vidole Vinne

Fundi cherehani alikuwa na woga mmoja wa ajabu: sindano. Za kushonea alizibana midomoni kutwa nzima huku akiwasengenya wateja, lakini ya hospitali ikitolewa tu kwenye pakiti, hakuweza kuitazama. Ndiyo maana bintiye wa miaka kumi na mmoja, aliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alijifunza kujichoma mwenyewe pajani. Kila jioni baada ya kuoga, mtoto alitoa kwenye friji dawa ya kumrefusha aliyoandikiwa na daktari, na mama akageukia ukutani mpaka aambiwe, "Tayari."

Sare ya shule alimshonea kwa pindo la vidole vinne, la kukunjuliwa kadiri mtoto atakavyorefuka. Kila mwisho wa mwezi alimpima kwa tepu juu ya gauni, begani hadi gotini, na tepu ikasema yaleyale. Miezi minane, pindo halikuguswa.

Uvumilivu ulikuwa umemwishia mama tangu mwezi wa sita wa sindano hizo.

"Dawa unaimwaga wewe."

"Siimwagi, mama. Haki ya Mungu."

"Usimtie Mungu kwenye uongo wako! Unanikata maini, mwanangu. Unanikata maini!"

Tangu siku hiyo Kifungo alisema "Tayari" kwa sauti ya chini sana, na mama, Mungu amsamehe, akaona hiyo ndiyo sauti ya mtu anayedanganya. Mwezi wa nane akampeleka hospitali kubwa, damu ipimwe, mwongo aumbuke.

Daktari bingwa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyasoma majibu mara mbili. Daktari wa kwanza, alisema, alitazama kimo tu akaandika dawa, hakupima.

"Homoni ya ukuaji, ileile iliyomo kwenye sindano zake, imejaa tele kwenye damu yake. Mwili wake wenyewe unaitengeneza kupita kiasi. Inatoka kichwani, inafika kwenye ini, inabisha hodi. Ini ndilo linalopaswa kuupokea ujumbe ule na kutoa homoni ya pili, ya kuiambia mifupa irefuke. Sasa ini la huyu halina pa kuupokelea. Hata tungemchoma miaka kumi, lisingesikia."

"Kwa hiyo… hakuimwaga?"

"Amwage nini?" Daktari alivua miwani. "Kasoro hii mtoto anaipata kwa baba na mama wote wawili, na wao wenyewe huwa hawana habari. Ipo dawa nyingine inayolipita ini, ila hapa hatuna. Nitaandika barua ya kuiomba. Nisikudanganye, mama, inaweza ikachelewa."

Kifungo alikuwa akichezea soli ya kiatu chake. "Mama husema namkata maini," akamwambia daktari. "Kumbe mabovu ni ya kwangu." Akacheka peke yake.

Walifika nyumbani jua bado kali. Mtoto alipanda juu ya kigoda kando ya cherehani, sare ikiwa mwilini.

"Likate tu hili pindo, mama. Ni zito, na shuleni wananiita Pazia."

Mama alipiga magoti, akachukua mkasi, akainua gauni aone mshono vizuri. Ndipo alipoyaona mapaja ya mwanawe. Miezi minane alikuwa akipitisha tepu juu yake, nguo ikiwa katikati. Yalikuwa yamejaa vidoti, vingine vyeusi, vingine bado na wekundu. Alivigusa kwa kidole. Paja la kulia. Kisha la kushoto.

"Mbona vibichi viko pande zote mbili? Si ulifundishwa upande mmoja kwa siku?"

Kifungo alitazama ukutani, palepale mama alipokuwa akitazama kila jioni.

"Uliposema namwaga, nikawa naigawa, nusu huku, nusu huku. Nilidhani nikijichoma mara nyingi utaniamini."

Mkasi ulianguka. Mama akamkumbatia magotini akilia kwa sauti, na mtoto, kutoka juu ya kigoda, akawa anampapasa kichwa.

"Basi, mama. Haiumi sana."