Aliyebaki Kubwekewa

Mbwa mwenyewe hakuwa wa kuchezea. Ukimwona kwa mara ya kwanza ungedhani mtu kafunga ndama mlangoni: kifua kipana, masikio wima, sauti ya kutoka tumboni. Apolinary alimpata mjini Bunda kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akamleta nyumbani Kigera juu ya lori la pamba na kumpa jina jipya, Watasema. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kuonekana tena baada ya dhiki ndefu. Apolinary alikuwa amefungua kiduka huko Nyasho, na bidhaa alizilaza nyumbani. Mwenye kulaza bidhaa nyumbani anataka mbwa, hilo mkewe Getruda hakulipinga.

Alichopinga ni kelele. Watasema alimbwekea muuza maziwa, akawabwekea watoto wa shule, akaibwekea mvua na kengele ya kanisa. Apolinary alimfungia mchana kutwa kwenye banda la mabati ili awe mkali zaidi, kama wengi wanavyoamini, na kila mbwa akibweka mwenye mbwa naye alimfokea kwa sauti ile ile. Basi ikawa wanabweka wawili. Skolastika, jirani wa upande wa chini, alikuwa na mtoto mchanga. Siku moja alisimama getini na mtoto wake mgongoni, amechoka hata kusalimia.

"Mama Susana, mbwa yako atatuua," alimwambia Getruda. "Mtoto akisinzia tu, anaanza."

Getruda aliona aibu hadi akasahau kumkaribisha.

Bwana mifugo alipopita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, Getruda hakumwacha aondoke bila ushauri. "Mtoe bandani," yule bwana alimwambia. "Mtembeze asubuhi mpaka achoke. Akibweka msimfokee, anafikirigi mnamsaidia. Na wale anaowabwekea, kila mmoja ampe chakula kwa mkono wake mwenyewe, pole pole, mpaka amzoee."

Kwa hiyo kila asubuhi Getruda alishika kamba akaburutwa na Watasema hadi mwaloni, ziwani wanakoshusha samaki, wanawake wa dagaa wakimcheka kwamba sasa amekuwa Mzungu anayetembeza mbwa. Alivumilia. Alirudi na vichwa vya sangara, akavichemsha, akawaita majirani mmoja mmoja. Muuza maziwa alimpa mbwa kipande akiwa amefumba macho. Watoto wa shule waligombea zamu. Skolastika naye alikuja, mtoto mgongoni, akatoa samaki kwa ncha za vidole, kisha akacheka mbwa alipomlamba kiganja. Mvua za masika zilipokatika, mtaa ulikuwa umetulia na Getruda alikuwa akisifiwa kila apitapo. Alijisikia vizuri, kwa nini asijisikie?

Mtu mmoja tu hakumwita. Bibi Mbuke, mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya ua wa minyaa, ndiye aliyewapokea watoto wote wa Getruda walipozaliwa, akamkanda, akampikia uji. Kwa Getruda, ambaye hakumkuta mama mkwe wake hai, Bibi Mbuke ndiye alikuwa mkwe. Sasa umwambieje mtu wa namna hiyo achuchumae mbele ya mbwa? Na si kuchuchumaa tu. Getruda alijua kwamba bibi yule alikuwa akimaliza wiki nzima na mlenda mtupu. Umtie samaki mkononi, mate yamjae, halafu umwambie huyu si wako, ni wa mbwa? Hapana. Kuna mambo hayasemeki. Bibi Mbuke akaendelea kubwekewa, na kwa kuwa alizoea kumwita Getruda akiwa upande wake wa ua, bila kuvuka, haikuonekana kuwa na shida.

Kisha mtoto wa Skolastika akashikwa na homa. Sabuni ilikuwa imerudi mjini, dawa zilikuwa bado. Zahanati waliandikiwa sindano wakatafute wenyewe, na kabla baba yake hajaipata mtoto akawa amekwisha. Mtaa mzima ulihamia kwa Skolastika. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume nje kwenye mabenchi, watu wakipita getini kwa Getruda wakienda na kurudi, na Watasema amelala kimya, kichwa juu ya miguu yake.

Ndipo akapita Bibi Mbuke na sufuria ya uji wa wafiwa. Mbwa aliruka. Alibweka akavuta mnyororo hadi nguzo ikatikisika, akabweka mpaka bibi alipoingia kwenye uwanja wa msiba, na alipotoka akabweka tena. Watu wote wale, na mbwa akamchagua yeye. Mama mmoja alisema, wala hakunong'ona, "Mbona anamjuaga huyu tu?"

Getruda alisikia. Zamani Watasema alipokuwa akiubwekea ulimwengu mzima, kelele zake hazikuwa na maana yoyote. Ni yeye Getruda aliyemnyamazisha kwa wote akamwachia mmoja.

Neno likatembea. Apolinary, badala ya kulizima, alilichekea. Wateja walipomuuliza dukani kama ni kweli mbwa wake anatambua wachawi, alipima sukari huku akijibu, "Mimi sijui, lakini hajawahi kukosea." Alikuwa anatania. Alipenda tu kuulizwa. Watu wakaondoka na sukari na jibu lile pia. Bibi Mbuke akifika bombani, wenzake walibeba ndoo zisizojaa wakaenda zao. Jiwe lilirushwa juu ya bati lake mchana kweupe. Mihogo yake iling'olewa ikaachwa hapo hapo ikauke, maana hakuna aliyetaka kuila.

Getruda alimwendea Skolastika. Alimweleza yote, banda, bwana mifugo, samaki. Skolastika alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni samaki tu, mwenzangu," Getruda alimalizia. "Bibi hakumpa samaki, ndiyo maana."

"Mtoto wangu amekufa," Skolastika alisema, "wewe unanieleza habari ya samaki?"

Mzee Masatu, balozi wa nyumba kumi, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kwa Getruda, akakaa, akakataa chai. "Vijana wanaongea vibaya," alisema. "Mimi siwezi kukaa mlangoni kwake kila siku. Kama una njia ya kumnyamazisha huyo mbwa kwake, fanya, na watu waone."

Sala ya jumuiya ya kanisa wiki ile ilikuwa zamu ya nyumbani kwa Getruda. Alivuka ua akapiga magoti mbele ya Bibi Mbuke, akamwomba aje ampe mbwa samaki mbele ya wanajumuiya.

"Yaani nimchuchumalie mbwa ndiyo watu wajue mimi ni mtu?" bibi aliuliza.

"Mama, nisamehe. Sina njia nyingine."

Bibi akaomba maji anawe.

Alasiri ile walijaa uani, rozari mikononi. Bibi Mbuke aliingia amevaa kitenge chake cha kanisani. Watasema alilipuka. Wengine walisogea nyuma. Bibi alichuchumaa kwa taabu, mkono mmoja ardhini, mwingine umeshika kipande cha sangara, umenyooshwa wote. Mbwa alibweka, akanusa, akabweka tena kidogo. Akasogea. Alichukua kipande, akatafuna, akarudi kunusa kiganja, kisha akalala kando ya miguu yake akanyamaza.

Getruda alitaka kupiga vigelegele. Machozi yalimtoka kwa furaha. Aligeuka kuwatazama watu, akakuta nyuso zimefungwa.

"Mmeona?" alisema Skolastika taratibu. "Sasa na mbwa amemfunga mdomo."

Rozari ilisaliwa haraka haraka, na bibi alikaa peke yake kwenye mkeka uliokuwa wa watu watano. Apolinary alisimama akajaribu kusema kwamba yale ya dukani ulikuwa utani. Waliomsikia hawakucheka. Kulipokucha, Mzee Masatu alikwenda kwa Bibi Mbuke kumshauri, kwa maneno laini, akapumzike kidogo kwa kaka yake kule Butiama mpaka watu wasahau. Wote wawili walijua kwamba watu hawatasahau.

Getruda ndiye aliyemsindikiza barabarani kungoja lori. Mtaa ulikuwa na watu, lakini milango ilifungwa walipopita. Bibi alibeba godoro lake lililokunjwa na jembe. Sufuria aliziacha. Walikaa kando ya barabara.

"Mwanangu," Bibi Mbuke alisema hatimaye, "majirani wote uliwaitaga kumpa mbwa samaki. Mimi mbona hukuniita?"

Getruda alitamani kusema uongo. "Niliona aibu, Mama. Wewe ni mkwe wangu. Nilijua nyumbani kwako hamna kitoweo. Ningekupaje samaki halafu nikwambie ni wa mbwa?"

Bibi alitikisa kichwa pole pole.

"Ningempa," alisema. "Mikono hii imeshika damu ya watoto wako, ingeshindwa kushika samaki wa mbwa? Ungeniambia tu. Mimi nilikuwa nakaaga pale ndani nawasikia mnacheka, nikawa nasema, Getruda atanifikia na mimi."

Lori lilikuja. Utingo alipokea jembe na godoro, akamvuta bibi juu ya magunia. Getruda alinyoosha mkono amshike, akakuta bibi ameshageukia mbele, anajitafutia mahali pa kukaa.