Jina Kubwa, Damu ya Mzee

Kipimo hakuitwa Kipimo bure. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa mpaka kiwanda kikafungwa, na alipoanza kupika sosi ya pilipili jikoni kwake alihamia na maabara nzima: mizani ya gramu, kipimajoto, glavu na ubishi. Chupa yake ya Jumatatu ilikuwa na ukali uleule wa chupa ya Ijumaa. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye saluni yake ilipakana na jiko hilo, alikuwa na msemo wake: "Wifi, wewe hata chai unaipima homa."

Sasa mwenye duka kubwa la mtaa alikuwa amempa nusu rafu kwa majaribio. Sosi ikitembea, rafu ni yake. Ikilala, atarudi kuwauzia majirani kupitia dirisha la jikoni. Kipimo aliitaka rafu ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Akajiandaa kama anayekwenda kwenye mtihani. Alisimama dukani akizikagua sosi za wenzake mpaka mlinzi akaanza kumtilia shaka. Alichogundua ni kwamba zote zilivaa lebo nyekundu ya kuwaka, na ukirudi nyuma kidogo zilionekana kama ukuta mmoja. Yake, basi, ingekuwa na maandishi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea hadi ikaukaribia weusi, juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Alijua pia kwamba rangi ya kwenye skrini haiaminiki: simu huonyesha rangi kwa mwanga, mashine huichapa kwa wino, na viwili hivyo havisikilizani. Kwa hiyo hakumtumia mchapaji picha. Alimwandikia ujumbe, ili pasitokee makosa:

"Jina kubwa damu ya mzee. Chini yake Sosi ya Pilipili, nyeusi. Karatasi rangi ya maziwa."

Jina lenyewe la sosi, Kikolezo, alikuwa ameshamtajia kwa simu siku chache kabla, huku mashine zikinguruma upande wa pili.

Lebo zilifika siku moja kabla ya kupeleka mzigo dukani. Kipimo alifungua bahasha, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kwa herufi kubwa nyeusi tii, juu ya karatasi nzuri ya rangi ya maziwa, palichapwa: DAMU YA MZEE. Chini yake, kwa adabu: Sosi ya Pilipili. Hapakuwa na chembe ya wekundu popote.

Akampigia mchapaji.

"Fundi, umeandika nini hapa?"

"Ulichoniagiza, dada. Jina kubwa, damu ya mzee."

"Hiyo ni rangi!"

"Mimi nikajua ni ubunifu. Hata nyumbani nilisema, huyu dada anaijua biashara."

"Na Kikolezo je?"

"Kikolezo si wewe? Risiti yako nimeiandika hivyo: Bi Kikolezo."

Mashine ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, lebo mpya zingepatikana wiki inayofuata, na chupa isiyo na lebo haiingii dukani. Kipimo alichukua lebo moja akaenda nayo saluni, maana alihitaji kumlaumu mtu na wifi yake alikuwa karibu.

Wifi alisoma, akaketi chini na kitana mkononi. Alicheka mpaka mteja wake akamwomba amalize upande wa pili wa kichwa kwanza.

"Wifi, mmemkamua nani?"

"Si jambo la kuchekesha."

"Mzee gani huyo lakini? Mwenye presha au asiye na presha?"

Mteja akanyoosha mkono kuitaka lebo. Aliyekuwa chini ya kikaushio akajitoa humo kichwa kikitoa mvuke, akauliza inauzwa wapi. Kipimo aliacha kununa. Wanawake hawa walikuwa wakipita mbele ya dirisha lake kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza chochote kuhusu Kikolezo. Huo ulikuwa ushahidi, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi. Akarudi jikoni akabandika lebo.

Mwenye duka hakuwa na moyo huo. "Damu? Dada, mimi nauza unga na mafuta."

"Ni rangi tu, kaka. Kila mtu anaijua."

"Rangi gani, na yote ni nyeusi?"

Kipimo akaisogeza kreti ya chupa karibu na rafu.

"Haya, weka," alisema mwenye duka. "Lakini Jumamosi nikiona watu wanaikimbia, unaiondoa yote."

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Watu waliichukua chupa, wakasoma, wakairudisha taratibu kama wanaomlaza mtoto aliyesinzia. Ijumaa, Wifi alikuja na wazo.

"Wale wa mtandaoni wanaopata chochote kila mtu akinunua kupitia kwao, unawajua?"

"Nawajua. Wanalipwa kamisheni."

"Basi na sisi tufanye hapahapa. Mimi nampa mteja wangu kadi, anaitoa kaunta, anapunguziwa kidogo, na mimi napata changu. Kila muuzaji na rangi yake, tusije tukagombana."

Kipimo alitafuta kasoro katika mpango huo akaikosa, jambo lililomuudhi kidogo. Akakata karatasi ya manila kuwa kadi. Wifi akachagua njano. Baba yake Kipimo alikuwa refa mstaafu wa mechi za mtaani, na watu wote walimwita Mzee Refa. Tangu lebo ifike alikuwa amenuna kwamba amekamuliwa bila ridhaa. Aliposikia habari za kadi, kununa kukamtoka.

"Nyekundu ni yangu," alisema. "Hapo sitaki mjadala."

"Baba, wewe pilipili hata huili," alisema Kipimo.

"Refa hachezi mpira, lakini bila yeye hakuna mechi."

Jumamosi wakaweka meza ya kuonjesha mlangoni mwa duka: mikate iliyokatwa, vijiko na chupa moja wazi. Mwenye duka alisimama ndani, mikono kifuani, akitazama. Watu walisogea, wakasoma, wakacheka, lakini hakuna aliyegusa. Kisha akaja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, Mzee Refa. Nasikia hii ni damu yako?"

"Marahaba. Yangu kabisa."

"Kama ni yako, onja wewe kwanza."

Waliokuwepo wakaitikia kwa sauti moja. Kipimo alijua ukali wa chupa ile kwa tarakimu, akamshika baba yake mkono. "Baba, usijaribu."

"Niachie, mwanangu. Nimetukanwa na mashabiki wa timu mbili kwa wakati mmoja, nitaogopa mkate?"

Akachovya, tena akachovya kwelikweli, akatia mdomoni. Alitafuna. Macho yakajaa maji, kipara kikang'aa jasho, masikio yakabadilika rangi. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa filimbi, akapuliza mpaka njiwa wakaruka paani. Kisha akampandishia fundi cherehani kadi nyekundu usoni.

"Wewe! Nje ya uwanja! Pitia kaunta ununue mbili!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kituo cha basi. Fundi cherehani aliipokea kadi kama tuzo, akaenda kaunta, na nyuma yake mstari ukajipanga. Watu walitaka kuonja, ila zaidi walitaka kutolewa nje. Walipigana vikumbo kwa makusudi mbele ya Mzee, wakajiangusha, wakabishia maamuzi, ili mradi wapewe kadi nyekundu.

"Baba, hao ni wateja wangu wa saluni!" alilalamika Wifi, kadi zake za njano zikiwa zimejaa mkononi. "Wifi, mwambie baba yako, ananiibia mchana kweupe!"

"Umechelewa kupiga filimbi," alisema Kipimo. Ulikuwa utani wake wa kwanza wiki nzima, na Wifi akamkumbatia papo hapo.

Kabla ya alasiri nusu rafu ilikuwa tupu. Mwenye duka akatoka, akahamisha chupa za siki zilizokuwa upande wa pili, akaipangusa rafu yote kwa kitambaa.

"Yote ni yako, dada. Na jina usiliguse."

Kipimo alitaka kujibu kitu chenye hoja, kuhusu mpangilio wa rafu na muda wa kuandaa mzigo mpya. Badala yake alishika kingo za rafu kwa mikono miwili akacheka mpaka akaegemea mifuko ya unga.

Nje, Mzee Refa alikuwa ameketi juu ya kreti na glasi ya pili ya maziwa, midomo imevimba. Alikuwa akiwatuliza waliochelewa: damu imeisha kwa leo, warudi Jumatatu, mwili nao unahitaji muda wa kutengeneza nyingine.